Karani Aliyesoma Fomu

Mwanamkasi Mahfudh alikuwa karani wa maoni. Ukiitaja kazi hiyo mbele ya jirani zake wa Magogoni, Kisauni, hawakuielewa, na wengi waliridhika kusema tu kwamba anafanya kazi chuo kikuu, kule Changamwe. Yeye mwenyewe akiulizwa alieleza kwa utaratibu. Kila mwisho wa muhula wanafunzi hupewa fomu wakaulizwa masomo yamekwendaje: mhadhiri alifika darasani au hakufika, vitabu vipo au havipo, walichofundishwa wamekielewa au la. Hawaandiki majina. Fomu zikijazwa huletwa kwake, naye huzisoma moja moja, akahesabu, akaandika muhtasari wa kurasa mbili. Tena kila mwezi wa Machi huwapigia simu waliohitimu mwaka uliotangulia. Umepata kazi? Uliyoyasoma yanakusaidia? Kitu gani ungetaka kibadilishwe? Hayo nayo huyaandika, na yote hupelekwa kwa wakubwa ili digrii zirekebishwe.

Alikuwa akiipenda kazi ile. Miaka ya mwanzo, fomu zilipolalamika kwamba mhadhiri mmoja wa hesabu huingia darasani amelewa, aliyapigia mstari maneno hayo kwa wino mwekundu, na muhula uliofuata mtu yule hakuonekana tena. Mara nyingine wanafunzi wa uhasibu walisema wanafundishwa programu ya kompyuta iliyokwisha kuachwa maofisini, ikabadilishwa. Siku hiyo alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuweza kuificha. Binti yake Wardah, wakati huo bado yuko shule ya msingi, alimuuliza kumetokea nini. "Wanatusikiliza, mwanangu," alimjibu. "Wallahi, wanatusikiliza."

Mambo yaligeuka ilipoanzishwa digrii ya uhandisi wa umeme. Ilianzishwa kwa haraka, kwa kuwa bandari ilikuwa ikipanuka upande wa Kipevu na kila mzazi wa Changamwe na Kisauni alitaka mwanawe awe injinia. Madarasa yalipatikana, wahadhiri wakapatikana, karakana haikupatikana. Palikuwa na chumba kirefu nyuma ya maktaba, mlangoni kimeandikwa "Karakana ya Umeme". Ndani mlikuwa na meza, mbao nne zenye swichi za nyumbani na balbu, na picha kubwa za mashine zilizobandikwa ukutani. Mashine zenyewe, watu waliambiwa, ziko njiani.

Fomu za mwaka wa kwanza zilisema hayo. Za mwaka wa pili zikasema hayo hayo, kwa hasira zaidi, na za miaka iliyofuata vivyo hivyo. "Tunafundishwa transfoma kwa picha." "Mwalimu anachora kabati la swichi ubaoni, nasi tunalinakili." "Nimefika mwaka wa nne na sijawahi kugusa umeme mkubwa kuliko ule wa nyumbani kwetu." Huyu wa mwisho alikuwa na mwandiko mbaya ajabu, herufi zote zimelalia upande mmoja, na Mwanamkasi alikwisha kumzoea, kwa kuwa kila muhula aliandika mpaka karatasi ikajaa, akaigeuza na kuendelea nyuma. Wenziwe walitia alama kwenye visanduku wakaenda zao. Huyu alieleza. Alitaja mashine zinazohitajika, akavitaja vyuo vya ufundi ambavyo vingeweza kuwaazima karakana siku za Jumamosi, na safari moja alichora hata ratiba.

Mwanamkasi aliyatia yote katika muhtasari. Na kila muhula mkuu wake, Daktari Ghalib, aliurudisha mezani pake.

Daktari Ghalib hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyeji wa Kisauni kama yeye, mpole, hapandishi sauti. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, alikuuliza hali yake kila asubuhi mpaka apone.

"Bi Mwanamkasi, haya ya karakana tuyapunguze," alisema. "Andika: wanafunzi wapendekeza vifaa viongezwe."

"Viongezwe, Daktari? Havipo."

"Najua kwamba havipo. Na walio juu yangu wajua. Lakini ripoti hii yaenda kwa wakaguzi Nairobi. Tukiandika havipo, kozi itafungwa. Wanafunzi mia mbili na kitu, wataka waende wapi?" Akaongeza, bila ubaya wowote usoni, "Na wako yumo humo."

Hapo alikuwa amemshika. Wardah alikuwa katika mwaka wa pili wa digrii hiyo hiyo.

Mtu angeuliza: mama aliyezisoma fomu zote zile, alimwachiaje mwanawe aingie? Mwanamkasi alijiuliza swali hilo baadaye mara nyingi. Wardah alipenda umeme tangu utotoni. Pasi na feni za mtaa mzima ndiye aliyekuwa akizifungua na kuzirudisha. Baba yake alikwenda Muscat kutafuta kazi na akaoa huko, kwa hiyo mama na mtoto walikuwa wawili tu, na watoto wa wafanyakazi walipunguziwa karo. Halafu mashine zilikuwa njiani. Hilo lilisemwa katika kila mkutano. Na mtu akiambiwa jambo miaka mitatu mfululizo na watu waliosoma kuliko yeye, huishia kuliamini kwa sababu kutoliamini kunachosha.

Basi akaandika "viongezwe".

Machi ilipofika alianza kuwapigia wahitimu wa kwanza wa kozi ile. Walikuwa arobaini na mmoja. Wa kumi na nane alikuwa kijana aitwaye Bonface, wa Magongo.

"Kazi nimepata, madam," alisema. "Kiwanda kimoja huku Changamwe. Huu ni mwezi wa pili."

"Mashallah. Na uliyoyasoma, yanakufaa?"

Nyuma yake zilisikika kelele za mashine, kisha mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Jina langu linaandikwa?"

"Haliandikwi."

"Basi andika hivi. Hapa mimi naitwa injinia. Kuna mafundi wa vyeti tu, wamesoma chuo cha ufundi, na wananisubiri mimi niwaambie la kufanya. Mimi sijui. Hesabu zake nazijua zote, ukinipa karatasi nitakukokotolea. Lakini kabati la umeme likifunguliwa, sijui mkono uanzie wapi. Naogopa, madam. Na kuuliza naona aibu, maana nikiuliza watasema huyu digrii yake ni ya kununua."

"Kitu gani ungetaka kibadilishwe?"

"Mtu asihitimu kabla hajashika. Wapelekwe viwandani hata miezi mitatu. Wafundishwe kuzima, kufunga swichi kwa kufuli, kupima kabla ya kugusa, mpaka mkono uzoee wenyewe. Sisi tulionyeshwa hayo kwa dakika kumi, kwa picha." Akacheka kidogo. "Na niliyaandika kwenye fomu kila muhula. Mpaka nyuma ya karatasi."

Mwanamkasi akamjua. Alitaka kumwambia: mwandiko wako naujua, mimi ndiye ninayekusoma. Akaona si adabu ya kazi.

"Nitayafikisha, inshallah," alisema.

"Asante sana, madam. Hujui vile nimefurahi kuulizwa."

Kati ya wahitimu arobaini na mmoja, thelathini na watatu walisema jambo lile lile kwa maneno yao. Mwanamkasi alichapa kurasa tano. Daktari Ghalib alizisoma zote, polepole, na alipomaliza alivua miwani akayasugua macho.

"Wamesema nini kuhusu nadharia? Hesabu na fizikia?"

"Hayo wamesema walifundishwa vyema."

"Basi tuseme hilo. Wahitimu wengi wameridhika na msingi wa nadharia waliopewa. Si uongo huo."

Maneno hayo hayakuwa uongo, na ndiyo maana yalichapika kwa urahisi. Mwanamkasi mwenyewe aliyachapa, kwa vidole vyake. Kurasa tano zikawa nusu ukurasa. Maneno ya Bonface yakabaki kwenye daftari lake la simu, ndani ya droo.

Mwezi wa Julai, siku ya Alhamisi, Wardah aliingia ofisini kwa mama yake saa tisa mchana bila kubisha. Hakuwa na kawaida ya kuja pale. Hakutaka wenzake wamwone.

"Mama, kuna mtu wa kozi yetu amefariki kazini. Wale wa kwanza, waliomaliza mwaka jana."

"Nani?"

"Bonface. Mwanafunzi mwenzangu anakaa nao ploti moja, Magongo."

Habari kamili ilikuja vipande vipande, kutoka kwa mafundi waliokuwepo. Kabati lililoharibika lilikuwa likiletewa umeme kwa njia mbili, moja ya kawaida na nyingine ya jenereta, nayo iliingilia nyuma. Bonface alizima ile ya kawaida. Taa zilipozimika akaamini kwamba kila kitu kimezimika. Hakupima. Fundi mmoja wa makamo alitaka kumwambia asubiri, lakini alifikiri injinia anajua anachokifanya. Testa ya kupimia ilikutwa katika mfuko wa shati lake, mpya, bado ina karatasi ya dukani.

Mwanamkasi alikwenda Magongo siku ya pili kutoa pole. Maiti ilikuwa haijasafirishwa kwao bara, na matanga yaliwekwa uwanjani kwenye nyumba za kupanga, chini ya turubai. Mama wa marehemu aliitwa Agneta. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mwembamba, na alikuwa ameketi juu ya mkeka na futi ya kupimia ingali shingoni. Alikuwa amesahau kuitoa tangu alipoitwa, na hakuna aliyethubutu kumtolea.

"Pole sana, Mama Bonface," alisema Mwanamkasi, akachutama mbele yake. "Mimi natoka chuoni."

Agneta aliinua uso. "Wewe si ndiye ulimpigia simu? Yule mama wa maswali?"

"Ndimi."

Agneta akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Aliniambia. Siku hiyo alirudi nyumbani amechangamka kabisa. Akasema, mama, chuo wameniuliza, na mimi nimewaambia kila kitu. Wale wanakuja nyuma yangu watafundishwa vizuri." Akamtazama. "Wamefundishwa?"

Ingekuwa rahisi kusema jambo linatengenezwa. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya vitunguu walikuwa wamesimamisha visu wakisikiliza.

"Niliyaandika, Mama Bonface. Kisha nikaambiwa niyatoe, nikayatoa."

Mikono ya Agneta haikumwachia mara moja. Ilikaa palepale kwa muda, ikawa inalegea kidogo kidogo, mpaka mkono wa Mwanamkasi ukabaki peke yake.

"Uliyatoa," Agneta alirudia.

"Katika ripoti. Niliyatoa."

"Na yale aliandika mwenyewe? Alikuwa akiniambia anaandika makaratasi, anaandika, anaandika."

"Yako stoo."

"Niletee," alisema Agneta. Hakupandisha sauti. "Pole yako sitaki. Niletee yale mtoto wangu aliandika, halafu usirudi hapa tena."

Jumatatu iliyofuata Daktari Ghalib alimwita. Wakaguzi wa kozi walikuwa wanakuja mwishoni mwa Agosti, na stoo ilikuwa imejaa. Aliagiza masanduku ya fomu za zamani apewe mnunuzi wa karatasi chakavu kabla ya hapo.

"Zote, Daktari?"

"Zote za umeme," alisema, akitazama dirishani. "Nafasi hakuna."

Mwanamkasi alijibu ndiyo. Jumamosi alikuja peke yake, akavua buibui lake akalitundika mlangoni kwa joto la mle ndani, akafungua masanduku. Mwandiko uliolala alikuwa anaujua. Kufika adhuhuri alikuwa amepata fomu saba za Bonface, muhula kwa muhula. Moja tu haikuonekana. Ukizisoma kwa kufuatana ungemwona mtoto anavyokua. Ya kwanza ilikuwa na adabu nyingi na matumaini. Ya saba haikuwa na salamu. "Nimechoka kuandika," ilisema, "lakini nikinyamaza nitajilaumu."

Aliswali, akarudi kuyapanga masanduku. Ndipo mkono wake ulipoangukia rundo la fomu za wanafunzi wa mwaka wa tatu, za muhula uliokwisha juzi, ambazo msaidizi wa muda alizihesabu Mwanamkasi alipokuwa mgonjwa. Fomu ya nne au ya tano ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo, za duara, na nukta zilizotiwa kwa uangalifu. Huo mwandiko aliufundisha yeye, kwenye meza ya jikoni, Magogoni.

"Anayesoma fomu hizi namjua," Wardah alikuwa ameandika. "Ni mtu mwema na mimi nampenda. Kila jioni namngojea aniambie nihame kozi hii. Haniambii. Kwa hiyo nafikiri labda hazisomi."

Mwanamkasi aliketi juu ya sanduku. Hakulia, alikaa tu, karatasi mkononi, mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama atafunga.

Siku ile ile, jua likiwa bado halijachwa, alimkuta binti yake uani anaanua nguo.

"Wardah."

"Abee, mama."

Akampa ile karatasi. Wardah aliitazama, akamaliza kuikunja shuka aliyoishika, akaiweka kapuni.

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?" Mwanamkasi aliuliza.

"Kwa nini hukuniambia wewe? Ni wewe uliyekuwa wajua, mama. Sisi kila mmoja wetu aliijua fomu yake moja. Wewe ulizijua zote."

Mwanamkasi alisema, "Wakaguzi waja mwisho wa mwezi ujao. Nikiwapa masanduku yale, kozi itafungwa. Nawe umebakiza mwaka mmoja."

Kanga moja ilikuwa imebaki kambani, Wardah akaivuta, akaikunja, akaikunjua tena.

"Usiniulize mimi," alisema mwishowe. "Ukiniuliza nitakwambia nyamaza, kwa sababu nataka kumaliza. Halafu itakuwa ni mimi niliyekunyamazisha, na sitaki kulibeba hilo. Fanya uonavyo."

Fomu za Bonface alizitoa fotokopi, na zile zenyewe akampelekea Agneta, katika bahasha, huko dukani kwake Magongo. Agneta alikuwa amerudi kutoka mazishini siku mbili tu. Alizitoa moja moja akazitandaza juu ya meza ya cherehani.

"Mwandiko wake mbaya tangu darasa la kwanza," alisema. "Mwalimu alikuwa akimchapa kwa sababu ya huu mwandiko. Mimi nilikuwa namwambia, Bonface, nani atakusoma wewe?" Akazirudisha katika bahasha, akazitia katika droo ya cherehani, akaendelea kushona. Hakumkaribisha Mwanamkasi kiti, wala Mwanamkasi hakukingoja.

Masanduku mengine yote aliyahamisha kutoka stoo hadi chini ya meza yake mwenyewe, kila siku mawili. Mnunuzi wa karatasi alipokuja alipewa magazeti ya zamani.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo, ambaye aliandika kila kitu kwa penseli. Walionyeshwa madarasa, wakaonyeshwa karakana, ambamo siku hiyo mlikuwa na transfoma moja iliyoazimwa na kupakwa rangi. Kisha wakaketi katika chumba cha mikutano. Daktari Ghalib alisoma ripoti ya maoni ya wanafunzi na wahitimu. Aliisoma vizuri.

Mama wa penseli aliuliza, "Fomu zenyewe ziko wapi?"

"Kwa bahati mbaya hatuna nafasi ya kuzihifadhi," alijibu Daktari. "Tukishazihesabu huondolewa."

Mwanamkasi alikuwa ameketi karibu na mlango, kwa ajili ya kuandika kumbukumbu za mkutano. Baadaye alisema kwamba hakujiona akisimama; aliona tu kwamba watu wote wamegeuza nyuso.

"Zipo," alisema. "Zote. Ziko chini ya meza yangu, na daftari la simu za wahitimu liko kwenye droo. Na mmoja wao amekufa."

Hakuna aliyegombana naye chumbani mle. Daktari Ghalib aliinamisha kichwa. Wale wageni walikwenda kuyatazama masanduku, wakasoma siku hiyo na siku iliyofuata, na mama wa penseli aliposoma maneno ya simu ya Bonface aliomba aachwe peke yake kidogo.

Wiki sita baadaye barua ilikuja. Kozi ilisimamishwa. Hakuna mwanafunzi mpya atakayepokelewa, na waliokuwamo walipewa mambo mawili ya kuchagua: kuhamia vyuo vingine, ambavyo vingeamua vyenyewe vitayakubali masomo yao gani, au kungoja mpaka karakana ipatikane.

Daktari Ghalib alikuwa amesema kweli juu ya jambo moja: wanafunzi hawakuwa na pa kwenda. Vyuo vingine viliwarudisha wengi wao nyuma mwaka mzima, wengine miwili. Wazazi waliouza vitu vyao walikuja kulia getini. Wanafunzi walifunga barabara ya Magongo asubuhi moja, polisi wakaja na moshi wao wa machozi. Msichana mmoja wa mwaka wa nne, aliyekuwa amebakiza majuma kumi na moja tu ahitimu, alimfuata Mwanamkasi mpaka kituo cha magari.

"Sisi tuliandika ili mturekebishie," alimwambia mbele ya watu. "Hatukuandika ili mtufukuze. Ungezitoa tulipokuwa mwaka wa kwanza, madam. Ungezitoa wakati huo."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Mwanamkasi alilibeba kuliko matusi yote aliyotumiwa kwenye simu.

Hakufukuzwa kazi. Alihamishiwa masjala, kwenye mafaili ya wafanyakazi waliostaafu, chumba ambacho siku nzima hakiingii mtu. Daktari Ghalib aliondolewa ukuu akarudishwa kufundisha. Walikutana siku moja kwenye ngazi, wakasalimiana kama desturi, akamuuliza kama Wardah hajambo, kisha akasema, "Mimi nilidhani nawalinda, Bi Mwanamkasi."

"Hata mimi, Daktari," alijibu.

Imepita miaka miwili na miezi sasa. Mashine zilikuja kweli, safari hii. Zilishushwa na kreni na watu walisimama kuzitazama. Kozi imefunguliwa upya. Mwanafunzi hahitimu mpaka akae kiwandani miezi mitatu na mafundi wamtilie saini kwamba ameshika, amezima, amefunga, amepima. Fomu hazipiti tena kwa mkuu mmoja. Husomwa na kamati, na ndani yake wamo wahitimu wawili na mtu wa viwandani. Mambo mengi Bonface aliyoyaandika nyuma ya karatasi sasa ni kanuni, ingawa hakuna palipoandikwa kwamba ni yake. Kati ya wanafunzi mia mbili na kumi na wanne waliokuwapo, sitini na watatu hawakurudi chuo chochote.

Wakubwa wapya walitaka kuipa karakana jina la Bonface. Walimtuma Mwanamkasi, kwa kuwa ndiye aliyemjua mama yake. Alisita, akaenda. Agneta alimsikiliza bila kuusimamisha mguu kwenye cherehani.

"Waambie wasiliandike jina lake mlangoni," alisema. "Alijiandika mwenyewe miaka minne. Hiyo ndiyo wangesoma." Akakata uzi kwa meno. Safari hii alimsogezea Mwanamkasi kibao akae, lakini hawakuzungumza zaidi, na baada ya kitambo Mwanamkasi aliaga.

Wardah hakungoja kozi ifunguliwe. Alijiandikisha chuo cha ufundi, akaanza upya darasa moja na watoto wa miaka kumi na minane, na kwa miezi mingi alizungumza na mama yake mambo ya lazima tu: unga umekwisha, mgeni alikuja. Sasa amemaliza. Ameajiriwa kama fundi, si injinia, katika yadi ya makontena karibu na Kipevu, na makabati ya umeme mkubwa huyafungua kila siku. Siku hizi huzungumza zaidi. Wakati mwingine hata hucheka.

Anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamkasi hubaki na siku ndefu mbele yake, mafaili ya wastaafu mezani, simu ameigeuza uso juu ili aione ikiwaka. Jioni Wardah akirudi hamuulizi kazi ilikwendaje. Humtazama mikono, wa kulia, wa kushoto, kisha humpakulia chakula.